Waraka wa Barnaba: Ta'wili Isiyo na Kanuni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Si mara moja tumesikia katika mihadhara ya kulinganisha dini hoja ikitolewa namna hii: kwamba Barnaba, aliyekuwa mwenzake Paulo, aliandika kitabu cha Tawhidi, kwamba kitabu hicho kilikubaliwa na watu wa Aleksandria, kwamba kimo ndani ya Biblia ya kale iliyopatikana katika jabali la Sinai, na kwamba baadaye Kanisa likakificha. Wasikilizaji hupiga takbir. Katika mhadhara mmoja nilioshuhudia, baada ya takbir kutulia, mzee mmoja wa Kikristo alisimama akauliza kwa upole: "Ustadhi, unazungumzia Injili ya Barnaba au Waraka wa Barnaba? Maana hivyo ni vitabu viwili." Mhadhiri, kijana mwenye bidii na nia njema, akajibu kwamba ni kitu kimoja. Mzee akaketi, hakubishana. Lakini hoja ilikuwa imekwisha kuanguka, na sisi wenye hoja hatukujua.

Makala haya yanakusudia kuusoma Waraka wa Barnaba kama ulivyo, na kueleza itikadi yake kwa mizani ya elimu zetu: elimu ya sanad na elimu ya usulul-fiqhi. Msomaji ataona kwamba Waraka huu si rafiki wa Tawhidi kama wengine wanavyodhani. Lakini ataona pia kwamba una funzo kubwa kwetu, hasa kwa wanaosoma fiqhi.

VITABU VIWILI, SI KIMOJA

Injili ya Barnaba ni kitabu kirefu cha kusimulia maisha ya Nabii Isa (a.s.). Nakala yake mashuhuri ni ya Kiitaliano, inakadiriwa kuwa ya karne ya 16 hivi, na imehifadhiwa Vienna. Ilichapwa kwa Kiingereza huko Oxford mwaka 1907, na mwaka 1908 Sheikh Rashid Rida akaichapa Cairo kwa Kiarabu, kwa tafsiri ya Khalil Saadah. Hiki ndicho kitabu kinachomtaja Mtume Muhammad (s.a.w.) kwa jina.

Waraka wa Barnaba ni kitu kingine kabisa. Ni barua ya Kigiriki yenye sura 21 fupi. Kwa kuwa sura ya 16 inazungumzia kubomolewa kwa Hekalu la Jerusalem, tukio la mwaka 70 Miladi, basi iliandikwa baada ya mwaka huo. Na kwa kuwa haielekei kujua habari za vita vya Bar Kokhba vya mwaka 132 hadi 135, wahakiki wengi huiweka kabla ya hapo. Wengi wao huona pia kuwa ilitoka Aleksandria. Barua hii, si ile Injili, ndiyo iliyomo ndani ya nakala ya Sinai, ambayo Tischendorf aliipata katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katerina mwaka 1859. Imewekwa mwishoni, baada ya vitabu vya Agano Jipya, pamoja na kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma.

Kwa hiyo anayesema "Injili ya Barnaba imo katika nakala ya Sinai" amechukua ushahidi wa kitabu kimoja akauvisha kitabu kingine. Na linalostaajabisha zaidi ni kuwa vitabu hivi viwili vinapingana. Injili ya Barnaba inasisitiza tohara ya mwili kwa nguvu kubwa. Waraka wa Barnaba unaikana. Injili ya Barnaba inakanusha kuwa Isa (a.s.) ni Mwana wa Mungu, Waraka unalithibitisha hilo. Ndugu zetu wanaonukuu Injili hiyo wakumbuke vilevile kwamba inakanusha kuwa Isa (a.s.) ndiye Masihi, ilhali Qur'ani inamwita Masihi waziwazi (3:45). Vipi tukichukue kuwa hoja kitabu kinachopingana na Qur'ani katika jambo ambalo Qur'ani imelitaja kwa jina?

SANAD YA WARAKA

Tuuhukumu Waraka kwa mizani tunayoitumia kwa hadithi zetu wenyewe. Swali la kwanza ni: nani kasema, na nani kapokea kutoka kwake?

Ndani ya barua yenyewe mwandishi hajitaji jina. Haisemi popote "mimi Barnaba". Jina hilo limekuja kutoka nje. Clement wa Aleksandria, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, alikuwa akiinukuu na kuinasibisha kwa Barnaba. Origen naye aliitaja. Lakini Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa katika karne ya 4, aliiweka katika fungu la vitabu visivyo sahihi kunasibishwa, na Athanasius, Askofu wa Aleksandria hiyohiyo, alipoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya mwaka 367 hakuiingiza. Basi kusema kwamba "ilifichwa" si kweli. Waliikataa hadharani, wakaiandika katika orodha zao, na watu wakaendelea kuinakili.

Kisha tutazame matini. Matendo ya Mitume (4:36) inamtambulisha Barnaba kuwa Mlawi kutoka Kipro, yaani mtu wa kabila lililokuwa na kazi ya kuhudumia Hekalu. Lakini mwandishi wa Waraka, anapoeleza ibada za Hekalu katika sura ya 7 na ya 8, anataja mambo ambayo Taurati haiyasemi: kwamba makuhani hula matumbo ya mbuzi wa kafara bila kuoshwa, pamoja na siki, na kwamba ni watoto wa kiume ndio wanaonyunyiza majivu ya ng'ombe mwekundu. Tena katika sura ya 16 anajihesabu pamoja na watu ambao nyoyo zao zilikuwa zimejaa ibada ya masanamu kabla ya kuamini. Mlawi hasemi hivyo juu ya nafsi yake.

Muhaddithina wana jina la hali kama hii. Mtu akikuta maandishi bila kuyasikia kwa mwenyewe wala kupewa idhini, huitwa wijada. Waraka huu kwetu ni wijada, na jina la mwenye hati halijulikani. Tutamwita "mwandishi", wala hatutamtwisha Barnaba maneno yake.

ITIKADI YAKE JUU YA ISA (A.S.)

Wapo wanaodhani kwamba kila kitabu cha Wakristo kilichoandikwa kabla ya Baraza la Nikea la mwaka 325 lazima kiwe karibu na Tawhidi. Waraka huu unaivunja dhana hiyo. Katika sura ya 5 mwandishi anasema kuwa Isa ndiye Bwana wa ulimwengu wote, ambaye Mungu alizungumza naye wakati wa kuumba, pale Kitabu cha Mwanzo kinapotumia lafudhi ya wingi juu ya kufanywa kwa mwanadamu. Maana yake ni kuwa kwake yeye Isa alikuwepo kabla ya dunia. Katika sura ya 7 anamfananisha na mbuzi wa kafara wa siku ya toba. Katika sura ya 12 anakataa hata asiitwe mwana wa Daud, na anasema kuwa yeye si mwana wa mtu bali ni Mwana wa Mungu.

Uadilifu, hata hivyo, unatutaka tuseme na upande wa pili. Ndani ya Waraka hamna fundisho la Utatu kwa istilahi zake zilizojulikana baadaye. Hamna "nafsi tatu" wala "dhati moja". Mkristo wa leo hawezi kuuleta kama shahidi wa Nikea, na Muislamu hawezi kuuleta kama shahidi wa Tawhidi. Uko katika njia ya kwanza ya kumpandisha Nabii Isa (a.s.) juu ya cheo chake, njia ambayo Qur'ani imewakataza Ahlul-Kitab kwa kuwaambia wasipindukie mipaka katika dini yao (4:171).

Lakini itikadi juu ya Isa (a.s.) siyo shabaha kuu ya barua hii. Anaitumia kama nguzo ya jambo jingine. Shabaha yake ni swali moja: agano la Mwenyezi Mungu ni la nani, na sheria ya Taurati ilikuwa na maana gani?

SI NASKHI, BALI NI KUKANUSHA

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo msomaji wa fiqhi anapotakiwa atulie.

Wakristo wa mwanzo walikuwa na rai mbalimbali juu ya Taurati. Waraka kwa Waebrania, ulio ndani ya Agano Jipya, unasema kuwa agano la kwanza lilikuwepo kweli, kisha likachakaa na lingine likachukua mahali pake. Rai hii iko karibu na tunayoiita naskhi. Marcion, aliyetengana na kanisa la Roma mwaka 144, alikwenda mbali: alilikataa Agano la Kale lote na akadai kuwa Mungu wake ni mwingine.

Mwandishi wa Waraka wa Barnaba hakufuata njia ya Waebrania, wala hakufika alikofika Marcion. Yeye anakishika kitabu kwa mikono miwili, lakini anawanyang'anya wenyewe. Katika sura ya 4 na ya 14 anasema kuwa Wana wa Israili walilipoteza agano siku ileile Nabii Musa (a.s.) alipozitupa mbao kwa sababu ya ndama. Hawakupata tena. Na hukumu zilizomo katika Taurati, kwa rai yake, hazikuwahi kukusudiwa kwa dhahiri yake. Mungu hakutaka kafara za wanyama, wala tohara ya mwili, wala kujizuia na nyama hii na ile. Alikusudia maana za ndani, na Mayahudi, asema katika sura ya 9, walielewa kwa dhahiri kwa sababu malaika muovu aliwahadaa.

Tazama tofauti, ndugu msomaji. Anayesema kwamba sheria imefutwa anakiri kuwa ilikuwa haki kwa wakati wake na kwamba aliyeifuata alimtii Mola wake. Sisi twasema Nabii Isa (a.s.) alikuja kuisadikisha Taurati na kuhalalisha baadhi ya yale yaliyoharamishwa (3:50). Lakini anayesema kuwa sheria haikuwahi kuwa sheria amewahukumu Manabii na wafuasi wao wa karne nyingi kuwa walipotea katika ibada zao. Amemfanya Mwenyezi Mungu kuwa aliyesema neno na kuwaacha waja wakalitenda kwa makosa tangu siku ya kwanza. Hii si naskhi. Ni kuitoa hukumu katika maneno na kuacha maganda matupu.

TOHARA NA HESABU YA 318

Mfano ulio wazi ni wa tohara. Katika sura ya 9 mwandishi anadai kwamba Kitabu kinasema Ibrahim (a.s.) aliwatahiri watu wa nyumbani mwake kumi na wanane na mia tatu. Kisha anafafanua kwa hesabu ya herufi za Kigiriki: iota ni 10, eta ni 8, nazo ni herufi mbili za mwanzo za jina la Isa kwa Kigiriki, na tau ni 300, yenye umbo la msalaba. Kwa hiyo, kwa dai lake, tohara ya Ibrahim ilikuwa ishara ya Isa na msalaba. Anajisifu kuwa hakuna aliyepata kujifunza kwake neno sahihi zaidi kuliko hilo.

Tulipime dai hili kwa mambo matatu.

Kwanza, andiko analodai halipo. Idadi ya 318 imo katika Mwanzo sura ya 14, nayo ni ya watu waliotoka na Ibrahim (a.s.) kwenda vitani kumwokoa Lut (a.s.). Habari ya tohara imo katika sura ya 17, na hapo hapana idadi. Mwandishi ameunganisha sehemu mbili akatengeneza ya tatu.

Pili, Ibrahim (a.s.) hakuzungumza Kigiriki. Wanaojua hesabu ya abjadi wataelewa upesi. Katika herufi za Kiebrania, kama katika abjadi ya Kiarabu, 300 ni shin, na shin haina umbo la msalaba. 10 na 8 ni yod na het, na jina la Isa kwa Kiebrania halianzi kwa yod na het. Siri inayodaiwa kuwa Mungu aliiweka tangu zama za Ibrahim inaonekana kwa tafsiri ya Kigiriki tu, iliyoandikwa karne nyingi baada yake.

Tatu, anataja jambo linalotuhusu. Anajiwekea pingamizi kwamba tohara ni muhuri wa agano, kisha anajibu kuwa hata Washami, Waarabu, makuhani wa masanamu na Wamisri wanatahiri. Je, nao wamo katika agano? Anadhani amelifunga swali. Lakini Mwanzo sura ya 17 yenyewe inasema kuwa Ismail (a.s.) alitahiriwa akiwa na miaka 13. Na Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, aliandika kuwa Waarabu hutahiri baada ya mwaka wa 13 kwa kumfuata Ismail. Kwa hiyo tohara ya Waarabu haikuwa ada isiyo na asili. Ilikuwa mabaki ya mila ya Ibrahim (a.s.), ile ambayo Mtume wetu (s.a.w.) aliamrishwa aifuate (16:123), na ambayo hadithi sahihi zimeihesabu katika mambo ya fitra. Alichokileta ili kuvunja hoja kimekuwa shahidi wa hoja.

VYAKULA: NGURUWE, SUNGURA NA FISI

Katika sura ya 10 mwandishi anafasiri vyakula vilivyokatazwa. Nguruwe, asema, ni watu wanaomsahau Mola wao wakishiba na kumkumbuka wakiwa na njaa, usiandamane nao. Tai, mwewe na kunguru ni watu wasiotafuta riziki kwa jasho bali hunyang'anya. Sungura ni mharibifu wa watoto, kwa kuwa eti huongezeka tundu mwilini kila mwaka. Fisi ni mzinifu, kwa kuwa eti mwaka huu ni dume na mwaka ujao ni jike.

Nasaha hizi zenyewe nyingine ni nzuri. Nani asiyemjua mtu anayemkumbuka Mola wake siku ya dhiki tu? Lakini maelezo ya wanyama hawa si kweli. Sungura haongezeki tundu, na fisi habadiliki jinsia. Yaliyozagaa hata kwetu juu ya fisi yametokana na maumbile ya jike wa fisi madoa, ambaye kwa nje hufanana na dume. Tena fisi hatajwi kabisa katika orodha za wanyama haramu za Taurati. Hukumu iliyojengwa juu ya sababu ya uongo huanguka pamoja na sababu yake.

Wanafiqhi wetu walishika njia nyingine. Sungura kwetu ni halali kwa wanazuoni walio wengi, kwa hadithi ya Anas (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Fisi ni halali katika madhehebu ya Imam Shafi'i na Imam Ahmad kwa hadithi ya Jabir (r.a.), na Mahanafi wamekataza kwa hoja ya wanyama wenye meno ya kurarulia. Walikhitilafiana, lakini wote waliuliza jambo moja: nassi inasema nini? Hapana aliyemharamisha mnyama kwa kuwa anafanana na tabia ya mtu mbaya. Na Qur'ani ilipobishana na Mayahudi juu ya vyakula walivyokatazwa, iliwataka walete Taurati waisome (3:93). Haikuwaambia kuwa Taurati ilikuwa mafumbo matupu.

KANUNI IKO WAPI?

Mtetezi wa Waraka anaweza kusema: nanyi Waislamu mna ta'wili, na mna masufi wanaotaja siri za ibada. Hilo ni kweli, na linahitaji jibu.

Wanazuoni wa usuli wameweka masharti ya ta'wili. Neno liwe linaichukua maana hiyo katika lugha. Pawe na dalili yenye nguvu ya kuliondosha katika dhahiri yake. Na maana inayotolewa isirudi ikaibatilisha hukumu iliyotokana nayo. Imam Ghazali (r.a.) alieleza katika Ihya siri za swala, zakati na hija kwa urefu, lakini hakusema kuwa mwenye kuijua siri amesamehewa rakaa. Mtu huyohuyo ndiye aliyeandika kitabu cha kuwafedhehesha Mabatini, waliodai kuwa dhahiri ni ya watu wa kawaida na batini ni ya wateule.

Tena hatuna haja ya kumhukumu mwandishi kwa wanazuoni waliokuja karne kumi baadaye. Katika Aleksandria alikuwepo Philo, Myahudi aliyefariki karibu na katikati ya karne ya 1. Huyu alifasiri Taurati kwa maana za ndani kuliko wengi. Alisema kuwa tohara ni ishara ya kukata matamanio. Lakini aliwalaumu waziwazi wale waliochukua ishara hiyo kuwa ruhusa ya kuacha tohara yenyewe, na akaifananisha dhahiri na mwili na batini na roho: anayeijali roho hautupi mwili. Basi njia ya kukusanya maana na tendo ilikuwepo kabla ya Waraka huu. Mwandishi ameiacha.

Na hoja iliyo kali zaidi dhidi yake imo ndani ya Waraka wenyewe. Sura ya 18 hadi ya 20 zinaeleza njia mbili, ya nuru na ya giza. Sehemu hii haimo katika tafsiri yake ya zamani ya Kilatini, lakini imo katika nakala ya Kigiriki ya Sinai, na inafanana na mafundisho ya kitabu kiitwacho Didake. Hapo anakataza zinaa, anakataza kutoa mimba na kuua mtoto aliyezaliwa, anaamrisha kushirikiana mali na jirani, kutopendelea katika hukumu na kuikumbuka siku ya Kiyama. Ni maneno mazuri. Muislamu hatasita kuyakubali yanayoafikiana na Qur'ani, kama lile la kukatazwa kuua watoto (17:31), na tunapomkosoa mtu tusimnyime lililo haki yake (5:8).

Lakini tumuulize: amri hizi nazo tuzichukue kwa dhahiri au kwa batini? Yeye mwenyewe anazichukua kwa dhahiri. Hasemi kuwa mtoto ni fumbo la fikra njema. Basi kwa kanuni gani "usile nguruwe" likawa ni fumbo, na "usiue mtoto" likabaki amri? Yote mawili ni makatazo, na anayanasibisha kwa Mungu mmoja. Kanuni haipo. Alichokitaka kibaki kimebaki, na alichokitaka kiondoke amekigeuza fumbo. Na aliyeshika mlango huu hawezi kumzuia mwingine atakayekuja kesho na kuligeuza fumbo hata lile la mtoto.

Hii ndiyo wanazuoni wameiita tahrifu ya maana. Ibn Taymiyya ameeleza katika kitabu chake cha kuwajibu Manasara kuwa watu wamekhitilafiana kuhusu kiasi cha kubadilishwa kwa lafudhi, lakini kupotolewa kwa maana hakuna khitilafu. Waraka wa Barnaba ni mfano unaoweza kusomeshwa darasani: maneno yamebaki mahali pake, na hukumu imehamishwa.

TUNACHOWEZA KUKITUMIA KWA HAKI

Je, Waraka huu hauna faida kwa mlinganiaji? Unayo, ila si ile inayodaiwa.

Barua huandikwa kwa sababu. Katika sura ya 3 mwandishi anaonyesha hofu kwamba wasomaji wake wataangamia kwa kuingia katika sheria ya Mayahudi. Katika sura ya 4, kwa mujibu wa tafsiri ya Kilatini ambayo wahakiki wengi huifuata mahali hapo, anawaonya dhidi ya wanaosema kuwa agano ni lao na letu pia. Mtu hakemei jambo ambalo halipo. Kwa hiyo yeye mwenyewe ametushuhudia kwamba katika zama zake walikuwepo waumini wa Isa (a.s.) walioiona sheria ya Musa (a.s.) kuwa ingali na nguvu, na kwamba walikuwa na mvuto wa kumtia wasiwasi. Irenaeus naye, katika miaka ya 180 hivi, aliwataja Waebioni, waliokuwa wakitahiri, wakishika desturi za Taurati na kumkataa Paulo.

Ushahidi huu una nguvu kwa sababu umetoka kwa mpinzani. Lakini tuutumie kwa kiasi chake. Hautuambii kuwa watu hao walikuwa na itikadi yetu yote. Unatuambia kuwa kuacha sheria hakukuwa jambo la makubaliano tangu mwanzo, na kwamba aliyetaka kuiondoa ilimlazimu afanye kazi kubwa ya kuifasiri upya. Hilo latosha, na ni kweli.

KHATIMA

Ndugu maimamu na wanafunzi, makosa ya yule kijana mhadhiri si yake peke yake. Sisi tulio juu yake ndio tuliompa karatasi bila kumpa elimu. Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo (17:36), na katazo hilo halisimami kwenye mlango wa mhadhara. Hoja ya uongo kwa ajili ya haki inaidhoofisha haki, na msikilizaji akigundua kwamba tumemdanganya katika lile analoweza kulihakiki, hatatusadiki katika lile la ghaibu.

Na funzo la pili linatuhusu sisi wenyewe. Leo wapo katika Waislamu wanaosema kuwa swala ni usafi wa moyo tu, kwamba saumu ni kuzuia ulimi basi, kwamba hijabu ni ya nafsi. Kila neno katika haya lina sehemu ya ukweli, kama lilivyokuwa neno la mwandishi yule juu ya mtu aliyeshiba akamsahau Mola wake. Lakini sharia haikuondoka kwa waliotangulia kwa siku moja, wala haikuondolewa na watu waliosema kuwa wanaichukia. Iliondoka mikononi mwa watu waliosema kuwa wameielewa zaidi. Tuzishike siri za ibada, na tuzishike rakaa zake.

Wallahu a'lam.